Mwenye Mali Haba Kuhamia Visiwani, na Khabari ya Nauli ya Kurudi

 Liko suala ambalo vijana huliuliza kwa furaha na wazee huliuliza kwa khofu. Mtu mwenye mali haba, asiye na shamba la kumtosha wala kazi ya mshahara, yamfalia kuihama nchi yake akaenda kukaa kisiwani kutafuta riziki, hali mkononi hana ila kidogo? Na akienda, ni kipi katika hicho kidogo ambacho haimfalii kukitumia?

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kisiwa ni nini. Unguja, Pemba, Mafia, Lamu na Pate ni makwao, na desturi ya kwenda dago waijua tangu babu zao: wavuvi hutoka na vyombo vyao, wakapiga kambi katika fuo za mbali muda wa msimu, kisha upepo ukigeuka wakarejea kwa wake zao na watoto wao. Walakini visiwa vya suala hili haviko katika bahari ya chumvi. Viko katika ziwa Viktoria, ambalo ukubwa wake wapata kilomita za mraba 68,800, yaani zaidi ya Unguja arubaini, na viko upande wake wa magharibi katika mkoa wa Kagera. Mbele ya mji wa Bukoba kipo kisiwa cha Musira, ambacho kila asimamaye ufuoni hukiona. Husimuliwa kwamba katika zama za watawala wa Kihaya wakosaji walipelekwa huko wakaachwa. Na katika wilaya ya Muleba vipo Bumbire, Ikuza, Mazinga, Kerebe na Goziba, na vingine vidogo. Goziba kimejitenga mbali ndani ya ziwa, na aliyeko huko akitaka kutoka hana njia ila chombo cha mtu.

Wala asidhani mtu kwamba visiwa hivi vilikuwa mahame yakingojea wageni. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Bumbire akagombana na wenyeji, kisha mwezi wa Agosti mwaka ule ule akarejea na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga risasi watu waliosimama ufuoni kwao na mikuki na pinde, na yeye mwenyewe aliyaandika hayo katika khabari za safari yake. Kwa hiyo aendaye huko leo huenda kwenye nchi ya watu. Watu wa pwani nao si wageni wa njia hizo. Kabla ya Wadachi kuweka boma Bukoba mwaka 1890, wafanyaji biashara kutoka Unguja walikuwa na makazi Kafuro katika Karagwe, njia ya kwendea Buganda, na mali waliyokuwa wakiichukua bara ilikuwa aghalabu ya kukopa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Katika wafanyaji biashara wa namna hiyo wako waliozeekea bara kwa kuwa hawakuthubutu kurudi Unguja na deni. Basi khabari ya mtu aliyekwenda mbali kwa mali ya mwenziwe, akashindwa kurejea, ni khabari ya zamani.

Sababu za watu kuhamia visiwani ni dhahiri. Mtu wa Uhaya hurithi kibanja, nalo ni shamba la migomba na mibuni lililozunguka nyumba. Kibanja hicho kikigawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, hufika pahala ambapo fungu la mmoja halimlishi mkewe. Bei ya kahawa hupanda na kushuka katika masoko ya mbali ambayo mkulima hana neno ndani yake. Mwaka 2006 maradhi ya mnyauko wa migomba yalidhihiri katika Kagera, na wengi wakaona mashamba yao yakioza wakiyatazama. Na upande wa pili ziwa liliita. Sangara, samaki mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila upande; vikajengwa viwanda vya kukata minofu ya kupelekwa Ulaya, na mabondo yake sasa hununuliwa kwa bei kubwa kwa ajili ya Uchina. Na dagaa wako, ambao huhitaji taa na wavu wa macho madogo na usiku wa giza. Kijana akikaa nyumbani ana robo ya kibanja, na akivuka maji asikia kwamba fulani amejenga nyumba ya matofali. Nani atamlaumu akivuka?

Wako wamwambiao: Nenda, Mungu ndiye mpaji, na mwenye kuhesabu sana hana tawakali. Na wako wamwambiao: Kaa kwenu, kuhama ni kwa wenye uwezo. Hawa wa pili yatosha kuwajibu kwamba wengi wao husema hayo wakiwa katika nyumba za mawe zenye vyakula stoo. Ama wale wa kwanza, neno lao lina sura ya dini, kwa hivyo lataka kuangaliwa.

Katika Sura ya Bakara, aya ya 197, Mwenyezi Mungu amewaamrisha waendao hija kuchukua masurufu ya njiani. Ibnu Abbas ameeleza, kama alivyopokea Bukhari, kwamba aya hiyo ilishuka kwa sababu ya watu wa Yemen waliokuwa wakitoka kwenda hija bila ya chakula wakisema kwamba wao wanamtegemea Mungu, nao wakifika Makka huomba watu. Basi ikiwa safari ya nyumba ya Mungu mwenyewe haikusamehewa masurufu, safari ya kutafuta samaki itasamehewa vipi? Tawakali ya watu wale ilikuwa kwa hakika ni kuutegemea mfuko wa mtu mwingine, na Mungu akatajwa tu.

Kisha hutolewa mfano wa Abdurrahmani bin Auf (R.A.), aliyehamia Madina akiwa hana kitu, naye akaja kuwa tajiri mkubwa. Mfano huu ni wa kweli, lakini wenye kuutaja husahau nusu yake. Mtume (S.A.W.) alimuunga udugu na Saad bin Rabii, na Saad akataka kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahmani akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko. Akenda soko la Banu Kainukaa, akarudi na jibini na samli ya faida yake. Hapo pana mambo mawili. La kwanza, alikuwa na mtu aliyesimama nyuma yake ambaye angeweza kumrudia jioni. La pili, soko lile lilikuwa wazi kwake: akinunua kwa huyu au kwa yule, akiuza kwa huyu au kwa yule, ni khiari yake. Mtu akifikia kambi ya wavuvi asiyo na ndugu ndani yake, na mwenye chombo ndiye mwenye duka, na mwenye duka ndiye mnunuzi wa samaki, basi huyo hakufika katika soko la Banu Kainukaa.

Hapa ndipo ilipo shina ya suala. Ufukara peke yake haumharamishii mtu kuhama wala si aibu kwake. Kinachotazamwa ni kama akifika atabaki na uwezo wa kusema "la". Na uwezo huo, katika kisiwa, una thamani inayojulikana: ni nauli ya kurudi bara, pamoja na chakula cha siku za kuingoja. Mwenye nauli hiyo iliyofungwa katika kitambaa, hata kama hana kingine, akiambiwa aingie majini usiku ambao mawingu yamejifunga na upepo wanuka dhoruba, aweza kukataa. Asiye nayo hana la kusema. Wanazuoni wa Kishafii wamesema kwamba hija haimwajibikii mtu kwa njia ya bahari ila ikiwa salama ndiyo yenye kushinda, na kupanda bahari ambayo maangamizo ndiyo yenye kushinda ni haramu. Hukumu hiyo husomwa darasani kana kwamba kila mtu ana khiari ya kupanda au kutopanda. Watu wa Bukoba hawahitaji kuelezwa ziwa laweza kufanya nini: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ilipokuwa imekaribia Mwanza, ilizama na watu zaidi ya 800 wakafa. Nayo ilikuwa meli ya chuma. Mtumbwi wa mbao uliojazwa watu na magunia, usio na maboya ya kujiokolea, wastahiki khofu zaidi.

Kadhalika katika nyavu. Sheria ya nchi imekataza nyavu za macho madogo kuliko kipimo, na sangara wasiotimia sentimita 50. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, na mwaka 2018 serikali ikafanya Operesheni Sangara, nyavu nyingi zikachomwa moto ufuoni. Mwenye chombo akimpa kibarua wavu ulioharamishwa, anayejua kwamba anaharibu mayai ya kesho ni nani? Mvuvi mwenyewe ajua kuliko bwana shauri yeyote. Lakini hutupa wavu, kwa sababu usiku ule hana pahala pengine pa kwenda. Dhambi imegawanyika hapo, na fungu kubwa halikumwangukia yule aliyeshika kamba.

Na deni huingia kwa njia nyembamba sana. Dagaa huvuliwa kwa taa katika giza. Mwezi ukijaa taa haziwavuti, na vyombo hupumzishwa siku kadhaa. Siku hizo mvuvi hana pato, na tumbo halijui mbalamwezi. Huchukua unga, sukari na sabuni kwa hesabu. Giza likirudi huingia majini akiwa tayari anadaiwa. Hukatwa mafuta, hukatwa chakula, na kinachobaki hugawanywa kati ya chombo na watu. Mwezi ukijaa tena huanza upya. Hakuna aliyemdanganya waziwazi, na daftari huenda likawa sahihi kila mstari, walakini mwaka ukiisha ni mtu mwenye kazi na asiye na mali.

Sasa na yatazamwe maagano yenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, mtu akimpa mwenziwe wavu avulie kwa sharti ya kugawana samaki, mkataba huo hausihi: samaki ni wa aliyevua, na mwenye wavu ana haki ya ujira wa mfano, yaani kodi ambayo wavu kama ule hukodishwa kwa desturi. Kwa kufuata kiasi cha madhehebu ya Imamu Ahmad, kama alivyoeleza Ibnu Kudama, kugawana huko kwafaa. Watu wa visiwani wakiifuata kauli hii ya pili kwa ajili ya haja yao, hapana wa kuwatia makosani. Lakini katika kauli zote mbili wavu ni amana mkononi mwa mvuvi. Ukichukuliwa na mawimbi pasipo uzembe wake, khasara ni ya mwenye wavu. Na hili ndilo lililogeuzwa. Mtaji ukipotea huambiwa mvuvi ameupoteza, huandikiwa deni, na deni hilo ndilo kufuli ya mlango.

Mbaya zaidi ni karadha yenye sharti. Mnunuzi humkopesha mvuvi fedha ya wavu au mashine, wala hamtozi riba hata shilingi moja, na kwa hiyo hujiona yu safi. Sharti yake ni kwamba samaki wote watauzwa kwake, na bei ataitaja yeye. Hiyo bei iliyo chini ya bei ya soko ndiyo riba iliyovaa kanzu. Mtume (S.A.W.) amekataza kuchanganya karadha na biashara kwa sharti, na hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi; nao wanazuoni wamekubaliana kwamba samaki aliye majini hauzwi, kwa kuwa hakumilikiwa bado na kadiri yake haijulikani. Katika agano hili yamekutana yote mawili.

Haki ni haki, na mwenye mali naye asikizwe. Atasema kwamba wavuvi wako wanaotoroka usiku na mashine wakahamia kambi nyingine, na wako wanaouza samaki katikati ya maji kabla hawajafika ufuoni, na wezi wa mashine wapo ziwani; naye asipojilinda atafilisika. Neno hili ni la kweli, na mwenye kulipuuza hajapata kumiliki chombo. Lakini kwa khofu hiyo sharia imeweka dawa zake: mdhamini, na pia hati, mashahidi na rahani, ambazo zimetajwa mwishoni mwa Sura ya Bakara kwa urefu usio na mfano katika mambo ya biashara. Na atoze kodi ya kutosha kwa chombo chake, ijulikane mapema. Kuishusha bei ya samaki wa mtu mwaminifu ili kufidia wizi wa mtu mwingine, hilo halimo katika dawa hizo.

Ipo hoja nyingine iliyo nzito kuliko ya tajiri, nayo ni ya fukara mwenyewe. Atasema: Lau ningekuwa na nauli ya kwenda na ya kurudi na chakula cha mwezi mmoja, nisingekuwa fukara wa kuhama, mwanishauri nichukue nisichonacho. Hoja hii haijibiki kwa mawaidha. Yule ambaye amefikia hadi ya kutokuwa na chochote, na watoto wake wana njaa, amelazimika, na aliyelazimika hukumu yake ni nyingine. Hapo faradhi humtoka yeye ikawaangukia walio karibu naye, ndugu na jirani na jamaa wa msikiti, wamkopeshe karadha njema isiyo na sharti. Lakini wengi wanaovuka hawako katika hadi hiyo. Wana mbuzi wawili, au mavuno ya kahawa ya msimu mmoja, au mchango wa shangazi. Kosa lao ni kuimaliza fedha hiyo upande wa huku: simu mpya, nguo za kuagia watu, nauli ya kwenda, na karamu ndogo. Wangeigawa, wakaweka fungu la kurudi kabla ya fungu la kwenda, wengi wangeshuka kisiwani wakiwa fukara walio huru.

Na wanaobaki nyumbani wana haki zao katika hesabu hiyo. Nafaka ya mke na watoto ni deni la kila siku juu ya mume, awepo au asiwepo, na hadithi imemtosheleza mtu dhambi kwa kuwapoteza anaowalisha tu. Mtu anayeacha nyumbani chakula cha wiki mbili akasema atatuma, naye hajui kisiwani atapata nini, ameweka rahani tumbo la mwanawe. Yako pia mambo ya kambi ambayo kila mtu ayajua: wanaume wengi wasio na wake, pombe, na fedha ya mkupuo. Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walipotangazwa, mwaka 1983, na mayatima wa maradhi hayo wamekwisha kuwa watu wazima. Mume akipata uwezo amchukue mkewe, na kama hana uwezo huo, aiweke katika mizani kabla ya kupanda chombo.

Limebaki neno la ukazi. Wengi wa walioko visiwani, hata akiwa amekaa miaka kumi, hujiita msafiri. Katika fikihi ya Shafii aliyenuia kukaa siku nne kamili pahala, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkazi: hapunguzi sala wala hafungui Ramadhani kwa udhuru wa safari. Basi huyu wa miaka kumi asali kamili, lakini nyumba yake ni ya maturubai, choo hakuna, maji hunywa pale pale anapofulia, na kipindupindu na kichocho vikija husema hapa si kwetu. Hujenga ukingoni mwa maji kwa kuwa hapo ni karibu na chombo, hali sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Wengi huiona sheria hiyo kuwa ni ukorofi wa serikali. Kisha mwaka 2020, na tena mwaka 2024, ziwa likapanda kuliko lilivyozoeleka, na mialo mingi ikaingia maji. Mwenye mali haba ndiye asiyeweza kujenga mara mbili.

Ama yule aliyekwisha kufika, akanaswa na deni, naye hana cha kurudia, huyo hakuachwa. Katika Sura ya Tauba, aya ya 60, wenye kustahiki zaka wametajwa, na katika hao wamo wenye madeni, na yumo msafiri aliyekatikiwa njia, ambaye hupewa cha kumfikisha kwao hata kama kwao ana mali. Nauli ya kurudi, basi, ina fungu lake katika zaka kwa jina lake. Na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii zaka haihamishwi kutoka mji uliopo mali kupelekwa mji mwingine maadamu wako wastahiki hapo. Tajiri ambaye bidhaa zake ziko Goziba au Ikuza, akazipeleka zaka zake zote Bukoba mjini zikagawanywe msikitini mbele za watu, huku kambini kwake wako waliokatikiwa njia, hajaitoa zaka pahala pake.

Na hapo huulizwa: ikiwa tajiri huyo ndiye mdai, aweza kumwambia mvuvi, "Deni lako nimelifanya zaka," yakaisha? Imamu Nawawi ameieleza mas'ala hii katika Majmuu. Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba haitoshi. Hana budi amkabidhi fedha mkononi, iwe milki yake. Baada ya hapo mvuvi akitaka kulipa deni kwa fedha ile ni khiari yake, na akitaka kulipia chombo cha asubuhi kiendacho Bukoba ni khiari yake pia, na deni hulidaiwa baadaye kwa njia za haki. Akimpa kwa sharti ya kumrudishia, zaka haikusihi, na fedha ile haikutoka mfukoni mwake.